Hasi Mia Mbili na Thelathini

Nyumba ya tembe ya mama yangu ilibomoka kwa mvua, miezi michache baada ya kumzika. Hatukuwa na picha ya nyumba hiyo hata moja. Siku binti yangu anarudi shule ya bweni aliniambia ameijenga upya kwenye simu yangu, ndani ya ule mchezo wa kujenga kwa matofali niliokuwa nikimgombezea kila siku.

"Baba, usiitafute kwa macho, huko miti yote inafanana. Fuata namba." Akaniandikia tatu kwenye karatasi: 412, 71, hasi 230. Nilitamani kumuuliza zinasomwaje, lakini mwalimu mzima wa hesabu anamuulizaje mtoto wa kidato cha pili? Bodaboda ikamchukua kwenda mjini.

Jumapili, tulipotoka ibadani, nilikaa barazani nikaufungua mchezo. Juu ya kioo palionekana namba tatu za mahali niliposimama. Nikaelekea mashariki hadi ya kwanza ikafika 412; ya pili ilikuwa tayari karibu na 71, nikaiacha. Ya tatu sikuhitaji kuambiwa: darasani nafundisha kwamba ya tatu ni kimo, na hasi ni kushuka. Nikachimba. Nilichimba mpaka chai ikapoa, mpaka nikagonga mwamba usiovunjika, na nyumba sikuiona. Mke wangu alipita na ungo wa alizeti, akauliza kama natafuta maji.

Nilikasirika kweli. Nilitaka nyumba ya mama, si kuchekwa. Nikazitazama tena zile namba, na ndipo nikaona kwamba ya tatu haikuwa imesogea hata kidogo. Iliyoshuka ni ya katikati. Kumbe kimo ni ya pili! Nikapanda juu kwa kuweka tofali moja moja chini ya miguu, nikajaribu kwenda kusini, ya tatu ikaongezeka. Nikageuka kaskazini, ikapungua hadi kuwa hasi. Nikaifuata taratibu hadi hasi 230.

Ikatokea. Paa bapa la udongo, mlango mfupi, zizi ubavuni. Nililia, sioni haya kusema. Nikaizunguka hadi nyuma, nikakuta chumba ambacho mama hakuwahi kuwa nacho: jiko dogo lenye dirisha la kutolea moshi. Mlangoni binti yangu alikuwa ameweka kibao: "Jiko la bibi. Alisema baba atamjengea."

Ni kweli, nilimwahidi. Kila baada ya mavuno nilimwahidi.