Mtama wa Kutoa Matanga

Nilikwenda Mbarara kwa sababu ya mtama. Mtama wenyewe nilikuwa sijaununua, maana sikujua uloweshwe lini.

Mama alifariki hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Kwetu Warundi matanga ya mwisho hayatolewi mpaka watoto wote wakae pamoja na kunywa pombe ya mtama kutoka chungu kimoja. Kwa Kirundi tunaita kuganduka. Kabla ya siku hiyo nyumba bado iko msibani, na nyumba iliyo msibani haiozeshi. Sisi tuko watatu. Mimi Konsolata ndiye mkubwa. Niliacha shule Baba alipofariki, nikashika jembe pamoja na Mama, wadogo zangu wakasoma. Kitindamimba ni Goreti, aliyeposwa na Fikiri, kijana Mkongo wa Kivu Kusini. Wa katikati ni Evarist. Yeye yuko Ujerumani, muuguzi wa wazee, na wakati Mama anafariki alikuwa ameshaondoka. Siku ya maziko alisema kwenye simu, "Dada, nikipata kibali cha ukaazi wa kudumu nitakuja tutoe matanga." Tangu hapo tukawa tunangoja kibali.

Hesabu niliifanya mwenyewe. Mtu mmoja hapa kambini aliniambia kwamba mgeni mwenye ujuzi huko huomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka minne. Nikahesabu tangu siku aliyopanda ndege Evarist, kwa sababu hapa kwetu kila kitu cha mtu huhesabiwa tangu siku aliyofika. Nikawaambia wakwe kwa kujiamini: mwaka huu, baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, Evarist akapiga simu. "Dada, nimeuliza ofisini, wamesema bado. Maneno yao ni marefu, sikuyashika yote. Usitoe tarehe. Kuna sista wa Mbarara, muuguzi mwenzangu kazini, yuko likizo kwao Nyamityobora. Yeye kile cha kudumu ameshakipata. Nenda ukamuulize vizuri."

Usitoe tarehe, na Jumapili mshenga wa akina Fikiri alikuwa anakuja kuichukua.

Ijumaa asubuhi, umande haujakauka, Goreti alinifungia mihogo ya kuchemsha na kunisindikiza hadi barabarani.

"Dada, ukirudi na mwaka wa mbali nitakuwa bibi harusi mwenye mvi."

"Utavaa shela, nani ataziona?"

"Fikiri. Yeye anaona kila kitu isipokuwa jembe."

Alicheka, lakini mkono wangu hakuuachia mpaka lori lilipofika.

Lilikuwa lori la maharage linalokwenda sokoni Mbarara. Dereva, Tumwine, ni mtu wa huku Ankole ambaye hununua maharage yetu kila msimu, na alinipa nafasi mbele karibu naye. Kiswahili chake ni cha biashara, lakini hakimzuii kusema.

"Nyabo," akasema, maana kwao mwanamke huitwa hivyo kwa heshima, "wewe nakwenda Mbarara kufanya nini?"

Nikamweleza habari ya matanga. Akatikisa kichwa.

"Nyinyi Warundi iko na subira. Sisi nazika, nakula, namaliza."

"Na ng'ombe wenu mbona mnawangoja miaka wakuze pembe?"

"Ng'ombe haina mchumba," akasema.

Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, nasi tuliruka kitini kama mahindi kwenye kikaango. Nilipoona tumekwenda kwa muda mrefu nikauliza bado kiasi gani. Akasema safari ni fupi tu, saa moja. Nikamwambia saa moja imeshapita zamani.

"Hiyo sihesabu. Mimi nahesabu kutoka lami. Huku nyuma ni kuteseka tu, si safari."

Nilicheka sana. Sikujua kwamba kabla ya jioni neno hilo lingenirudia.

Tulipofika Isingiro tulisimama ili aongeze mikungu ya matoke juu ya maharage. Vilima vya pale vyote ni migomba, kijani mpaka macho yanapumzika. Kundi la ng'ombe wa pembe ndefu lilikatiza barabara polepole, na kila mwenye gari alizima moto akangoja bila kupiga honi. Mbele yao lami ilianza, nyeusi na laini. Tumwine akanigusa bega. "Sasa safari naanza. Hesabu."

Mchana tuliingia Mbarara. Nikachukua boda mpaka Nyamityobora, na kila kona kijana wa boda aliuliza nyumba ya yule sista wa Ulaya. Tulimkuta uani na mama yake, wameinama juu ya mkeka uliojaa mtama mwekundu ulioanza kuota. Nilisimama nikiutazama kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Wewe ni dada ya Evarist," akasema mwanamke aliyekuwa kijana zaidi. "Nyinyi iko na paji moja. Karibu. Mimi naitwa Prosi. Kiswahili yangu ni ya soko, utanisamehe."

Mama yake, bibi mnene mwenye macho ya kucheka, aliniletea kikombe kikubwa cha bushera, uji wao wa mtama uliochachuka kidogo. Nilipokwisha kunywa Sista Prosi akaniuliza nina shida gani, nikamwambia hesabu yangu ya miaka minne tangu ndege.

"Banange," akashangaa, akaweka chini ungo. "Hiyo miaka minne ilikuwa sheria ya zamani, sasa ni mitatu. Na Evarist hata mitatu hapana. Yeye alisomea uuguzi kule kule, na yule aliyesomea kule anahitaji miwili tu."

Nikadakia, "Basi ameshapita."

"Ngoja, nyabo. Hiyo miwili inaanza wakati alimaliza shule akapata kibali ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Miezi ya kujifunza lugha, hapana. Miaka ya shule ya uuguzi, hata kama alikuwa anafanya kazi wodini, hapana. Alianza kazi kamili lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa tisa."

"Basi ataomba mwaka kesho, mwezi wa tisa. Lugha anayo, na pesa ya uzeeni anakatwa kila mwezi. Mambo yake ni sawa. Ni kungoja."

Kumbe ndugu yangu alikuwa ametembea barabara ya vumbi muda wote ule, na mimi nikihesabu. Lami yake ilianza mwaka jana tu. Nilimweleza Sista Prosi maneno ya dereva, akacheka akapiga paja, akamtafsiria mama yake, naye bibi akacheka. Mimi nilicheka nao, lakini nilikuwa namwona Goreti barabarani. Mwaka mzima na zaidi. Papa Etiene, mshenga, angesema nini? Na Fikiri ni kijana mzuri, lakini vijana wazuri wana mama zao, na mama zao huchoka.

Bibi ndiye aliyeniuliza, kupitia kwa binti yake, kwa nini uso umeanguka. Nikasimulia yote: Mama, chungu kimoja, mchumba, na Evarist asiyeweza kuja mpaka apate kibali cha kudumu. Sista Prosi akanitazama.

"Nani alisema hawezi?"

"Akitoka, hesabu si inakatika?"

"Mimi mwenyewe nilikuja kumzika baba yangu, nikiwa bado sijapata. Wiki tatu. Hapana kitu kilikatika. Likizo ni haki yake. Aangalie tu kibali chake na hati ya kusafiria zisiishe akiwa huku, na asikae miezi na miezi." Akaokota tena ungo wake. "Nyabo, sasa naelewa. Sisi wote tunakwenda kuona mji mwingine wakati ya likizo, yeye anakaa chumbani. Tulidhani ni ubahili."

Haukuwa ubahili. Hapa kambini, siku ya kuhakiki wakimbizi ukikosekana, jina lako liko mashakani. Watoto wetu wamekua wakijua hivyo: usiende mbali, watakuita usiwepo. Evarist aliibeba hofu hiyo mpaka Ujerumani, akaishi kule kama mtu anayengoja kuitwa kwenye foleni. Nami sikumuuliza, kwa kuwa hofu yenyewe ilikuwa pia yangu.

Tulimpigia pale pale uani. Sista Prosi alizungumza naye kwanza kwa Kijerumani, kwa ukali kidogo, kisha akanipa simu.

"Dada," Evarist akasema, na sauti ilikuwa ya yule mtoto niliyekuwa namkimbiza na ndoo ya kuoga. "Anasema ninaweza kuja."

"Nimesikia."

"Mwezi wa nane nina likizo. Nilikuwa nimepanga kulala tu."

"Utalala huku. Na uoge kabla ya kuja. Wazee unawaogesha, wewe mwenyewe ulikuwa shida."

Alicheka, kisha akalia, kisha akaniuliza kama chungu cha Mama bado kipo. Nikamwambia kipo.

Jioni hawakuniruhusu kuondoka. Bibi alinilaza chumba cha wageni, na Jumamosi asubuhi alinipa mfuko wa mtama mwekundu uliokauka vizuri, akanionyesha kwa mikono jinsi wanavyouchanganya na majivu ili uote upesi. Nilimwambia kwetu hatutii majivu. Sista Prosi akatafsiri, na bibi akajibu, basi ndiyo maana mnangoja sana.

Nilirudi na Tumwine, lori likiwa tupu na sisi tukiwa wepesi. Lami ilipoisha baada ya Isingiro akasema safari imekwisha, na mimi nikamwambia hapana, ya kwangu sasa ndiyo inaanza.

Jumapili baada ya misa Papa Etiene alikuja, koti limepigwa pasi, akakaa kabla hajakaribishwa.

"Yaya Konsolata," akasema, maana kwao dada mkubwa ni yaya, "batu ba kwetu hawana haraka. Lakini Fikiri iko anakonda. Tarehe iko wapi?"

"Papa, ziko mbili. Kibali cha Evarist ni mwaka kesho, mwezi wa tisa, hicho mwombeeni akipate. Matanga ni mwaka huu, mwezi wa nane, naye atakuwepo. Jumamosi itakayofuata matanga, mje na ngoma za harusi."

Alifikiri kidogo. "Sasa kile kibali tulikuwa tunakingojea cha nini?"

Nikaenda kumletea chai. Jibu nimelipata baadaye, nikipepeta mtama: nilikuwa nimeuliza miaka mingapi, sikuuliza inaanzia wapi, wala ni kitu gani hasa kinaikata. Sasa nikisikia mtu anahesabu, ninamuuliza hayo mawili kwanza.

Mshenga alipoondoka nilimtafuta Goreti. Nilimkuta nyuma ya nyumba na kisu, anakata mirija ya kunywea pombe, mwezi wa nane ukiwa bado mbali. Alikuwa ameipanga ukutani: wake, wangu, na mmoja mrefu kuliko yote.

"Huo wa Evarist," akasema. "Atakuwa amekua."