Bakuli la Mafuta ya Kubangulia

Mume wangu alipopima akakutwa na virusi vya UKIMWI, nami nilipimwa hospitali ya Mkomaindo siku hiyo hiyo. Sina. Nikambeba binti yetu, nikapanda Newala kwa mama yangu kutuliza kichwa. Baada ya miezi mitatu nikashuka kupima tena. Sina. "Dada, uko salama," nesi akaniambia. Nikamwitikia asante, mikono nimeificha kwenye kanga. Moyoni nikasema, huyu angeuona huu mwili!

Maana vidole vilikuwa vimetoka malengelenge, vimechubuka. Midomo imebabuka. Nikajua ndio ugonjwa wenyewe. Nikaacha kula sahani moja na binti yangu, mtoto aliyezoea kuninyang'anya tonge mkononi. Alilia, nami nikaenda kulia nyuma ya jiko.

Huko kwa mama tulikuwa tukibangua korosho za kuuza stendi. Kwetu hubangui na mikono mikavu. Katikati yenu linawekwa bakuli la mafuta, kila mmoja anachovya vidole ndipo anashika korosho, kwa sababu utomvu wa ganda unaunguza. Hata mtoto anajua. Basi mimi nilikuwa sichovyi. Niliogopa kuacha ugonjwa mle, mama akaupata. Nabangua hivyo hivyo, najifuta mdomo kwa vidole vile vile, halafu nashangaa vidonda vimetoka wapi! Jamani, hofu inaondoa akili.

Siku moja mama akanikazia macho. "We, mbona huchovyi?"

Nikamweleza yote, mpaka habari ya bakuli. Nikasubiri alivute upande wake.

Akafyonza. "Toba! Nesi kakwambia huna, mara mbili. Unakwenda kuamini maganda ya korosho?" Akanikamata mkono, akauzamisha wote kwenye bakuli, mafuta yakamwagikia kanga yake. "Na hata ungekuwa nao, mwanangu, ungechovya humu humu."

Nililia mpaka majirani wakachungulia. Mama akawaambia ni moshi.

Vidole vilipona kabla msimu haujaisha. Mume wangu anakunywa dawa zake, amenenepa, anasema nirudi, nami nimeanza kufunga mizigo. Lakini jioni ile ya bakuli, binti yangu alinyoosha mkono taratibu kwenye sahani yangu, akiniangalia usoni kama nitamfukuza. Nikamsogezea sahani. Akaacha chakula kilichokuwa sahanini, akachukua tonge la mkononi mwangu.