Laini Zote za Papa Kirezi

Kampuni ya simu ilimuuliza Papa Kirezi swali moja tu: familia yako ni watu wangapi? Mzungu angejibu wanne, angesaini, angerudi nyumbani. Lakini huyu jina lake ni Rurangwa, mtu wa milima ya Minembwe, Kongo. Kwao ukimuuliza mtu habari ya familia, mpe kwanza kiti.

Nilikuwepo, msiseme nimesimuliwa. Duka lenyewe liko kwenye Dixie Highway, hapa Shively, ubavuni mwa Louisville, na ukutani walikuwa wametundika picha kubwa: baba, mama, watoto wawili na mbwa, wote wanacheka hadi magego yanaonekana. Papa Kirezi aliitazama sana ile picha, halafu akanigeukia.

"Mama Elisée, umeona? Mbwa naye wamemuhesabu."

"Nimeona."

"Bon. Kama mbwa iko ndani, weye utabakia inje juu ya nini?"

Basi nikaandikwa. Mimi Mushi wa Walungu, yeye Munyamulenge. Kule nyumbani watu wetu wametazamana kwa jicho la pembeni tangu zamani, huku tukagawana intaneti. Akaandikwa mchungaji wetu. Wakaandikwa waimbaji wawili wa kwaya, na mdogo wake Ndahiro anayekaa Northland kule Columbus, na dada yake Spés wa Buffalo. Kila jina likiingia, msichana wa dukani anapiga makofi, kucha zake ndefu zinagongana. "Familia nzuri!" anasema. Laini zote zikaandikwa kwa jina la Rurangwa. Mtu wa ng'ombe, bwana: kundi moja, fimbo moja.

Ila wa kwanza kuandikwa, kabla hata ya mke wake, alikuwa mama yake. Ukweli usemwe, mambo yote yale yalikuwa kwa ajili ya mama. Papa Kirezi ndiye aliyembeba mgongoni wakati wa vita, wakashuka milima, wakavuka mto Ruzizi, wakaingia Burundi kambini. Kondoo walipotea, sufuria zilipotea, mama hakupotea. Kisha ikaja Amerika, nchi ya utaratibu, ikampeleka mtoto Kentucky na mama Buffalo.

Mama huyo, Koko Nyirangabo, koko kwetu ni bibi, anakaa huko na Spés, mtaa wa Riverside, karibu na mto Niagara. Akili yake ilikuwa imeanza kutoka nyumbani bila kuaga, na miguu ikaifuata. Utamkuta barabarani na kandambili, anatafuta ndama aliyekufa miaka mingi. Papa Kirezi akamnunulia simu ndogo ya vitufe, akaifunga kamba ya shingoni, akabandika plasta nyekundu kwenye kitufe kimoja. "Mama, ukipotea, finya hapa. Nitaitika mimi mwenyewe." Akamwapia. Koko akawa anafinya kutwa, hata akiwa amekaa sebuleni anakunywa maziwa, na Papa Kirezi aliitika kila mara, katikati ya maboksi ghalani, mpaka msimamizi wake akachoka naye.

Sasa mjue ugonjwa wa huyu mtu: anaamini. Amekimbia serikali za bunduki maisha yake yote, kafika kwenye serikali ya kamera, anaipigia makofi. Polisi walipoitisha mkutano kutueleza habari ya kamera mpya za kusoma namba za magari, yeye alikaa mstari wa mbele na koti lake la kanisani. Afisa akasema, asiye na cha kuficha hana cha kuogopa. Papa Kirezi akasimama kushangilia, akapewa kalamu ya bure.

Njiani nikamwambia, "Papa Kirezi, asiye na cha kuficha ndiye anakamatwa wa kwanza, sababu hakimbii."

Akacheka. "Weye Mama Elisée, Kongo ilikuumiza. Huku kuko sheria."

Kuko sheria! Haya, tutairudia hiyo sheria.

Donc, kila alfajiri kabla ya kazi, sisi wa familia ya laini tunapiga namba moja ya maombi. Wa Louisville, wa Columbus, wa Buffalo, wote kwa pamoja. Tunaomba, tunalia kidogo, tunakata, kila mtu anaenda kwenye zamu yake. Na kukiwa na harusi au kilio, simu zetu zote zinasafiri, zinalala kwa Ndahiro kwenye zile nyumba za kupanga karibu na Morse Road, kesho yake zinatawanyika. Sisi tunaita ushirika. Kompyuta ya polisi, ambayo haijabatizwa, ikaita mtandao. Ilimwona mtu mmoja, Rurangwa, yuko miji mitatu kwa wakati mmoja na anajipigia simu mwenyewe kabla jua halijatoka. Na mimi ningekuwa kompyuta ningeshtuka.

Kampuni ilipoombwa habari zake ilizitoa zote, kama mama mkwe anayetoa siri za nyumba: nani alikuwa wapi, alilala kwa nani, aliandika nini. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na hao hata mfuko wa suruali wa kuwekea simu hawakuwa nao.

Wapelelezi wawili walikuja nyumbani kwa Papa Kirezi mchana ambao mimi nilikuwa nimeleta sombe, majani ya muhogo. Walikuwa wapole, hilo nakubali. Walipoona tumevua viatu nao wakavua. Mkubwa wao akasoma ujumbe ambao Papa Kirezi alikuwa amemwandikia Ndahiro. Mwenyewe alikuwa ameandika, "Mzigo tumeuweka kwa Bwana, furahi." Mzigo ni ugonjwa wa Koko, mtoto wa Shule ya Jumapili anajua. Lakini kompyuta yao ilikuwa imetafsiri: shehena imefikishwa kwa bosi, furahi.

"Huyu bosi ni nani?" mpelelezi akauliza.

"Ni Bwana," akasema Papa Kirezi.

"Anakaa wapi?"

"Kila mahali."

Wakatazamana. "Na shehena aliipokea lini?"

"Anapokea kila siku. Hata ya kwako anaweza kupokea."

Kicheko kilinibana kifuani, hofu ikakisukuma chini. Nikashindwa kuvumilia. "Ni Mungu, jamani! Mzigo ni ugonjwa wa mama yake! Hawa watu wanaomba!"

Yule mkubwa akanigeukia taratibu. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ni familia."

"Ndugu wa damu?"

Nikafunika sufuria ya sombe. Akatazama simu yake. "Kwa kampuni umeandikwa dada yake." Sijawahi kuona aibu kama ile, na sikuwa nimefanya kosa lolote.

Waliondoka wakiwa wameonja sombe na kuisifu. Waliacha kadi: piga wakati wowote. Baadaye tukaambiwa uchunguzi umefungwa, hakuna kosa. Samahani haikuja. Kilichokuja ni kampuni, ambayo kwa usalama wetu, ndivyo walivyosema, ilisimamisha laini zote, hata ya Koko, kwa kuwa akaunti ilikuwa na ndugu wasiothibitishwa. Simu zetu zikabaki za watsapu tu, tena nyumbani penye waifai. Papa Kirezi akatuma vitambulisho, akatuma tena. "Watafungua," anasema. "Si wamesema hakuna kosa?"

Januari ikatukuta hivyo. Jumamosi moja mchana nilikuwa kwao tena, na Spés akapiga watsapu kutoka Buffalo, analia maneno hayaeleweki. Alikuwa ameshuka chini kutoa nguo kwenye mashine. Aliporudi juu, mlango wazi, theluji inaingia sebuleni, Koko hayupo. Polisi wa huko ameshawaita, wako njiani, lakini barabara zenyewe zimezikwa. Simu? Iko shingoni mwa Koko.

Papa Kirezi hakutetemeka. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba hakutetemeka. "Kama simu iko naye, basi kampuni inajua iko wapi. Si walijua kiangazi chote?" Nikakimbilia kwa jirani kuazima simu, akaipigia kampuni.

Ikaitika sauti ya mashine, ya mwanamke: simu yako ni ya muhimu sana kwetu, tafadhali usikate. Kisha muziki. Kisha mwanamke tena. Papa Kirezi alikuwa amesimama katikati ya sebule amevaa koti na kofia, utadhani atakimbia kwa miguu kutoka Kentucky.

Mwishowe akapata mtu, kijana mwenye adabu.

"Mama yangu amepotea kwenye theluji. Niambie simu yake iko wapi, basi."

"Pole sana. Kwa kulinda siri ya mteja, hatuwezi kusema simu ya mteja iko wapi."

"Mteja ni mimi!"

"Sawa, tuthibitishe. Nimekutumia namba za siri kwenye simu yako."

Kwenye simu yake! Ile ile waliyoizima! Papa Kirezi akaanza kumweleza hayo, pole pole, kwa Kiingereza chake cha ghalani, na yule kijana akamrudisha kwa mwanamke wa muziki.

Mimi nikarudi kwa jirani kuazima na simu ya mumewe, nikampigia yule mpelelezi wa kadi. Aliitika haraka, na sombe aliikumbuka. Alisikitika kweli, nilimsikia. Lakini ruhusa ya jaji ilikuwa imekwisha muda wake, na sheria haimruhusu kuangalia simu ya mtu asiye na kosa. Atawapigia wenzake wa Buffalo, akasema, na labda aliwapigia. Nilimpigia kelele ambazo sitaziandika hapa, mimi mama wa kwaya. Kumpeleleza ruhusa ilikuwepo. Kumwokoa mama yake ruhusa imekwisha. Huku kuko sheria.

Aliyemwona Koko ni mzee mmoja jirani wa Spés, aliyekuwa anasukuma theluji mbele ya nyumba yake. Aliona nyayo za kandambili zinaelekea mtoni, akatupa koleo, akamwita Spés, wakazifuata. Walimkuta kwenye benchi, anatazama Niagara, theluji mabegani, simu sikioni. Spés akapiga ukelele. Koko akamtolea jicho.

"Nyamaza. Niko nasema na mutu."

Spés akamnyang'anya simu, akasikiliza. Simu yako ni ya muhimu sana kwetu, tafadhali usikate.

Mnaelewa? Laini iliyosimamishwa, ukifinya namba yoyote, inakupeleka kwa kampuni yenyewe. Koko alipoona amepotea alifinya plasta nyekundu kama mtoto wake alivyomwagiza, na kampuni ndiyo iliyoitika. Mama yuko Buffalo kwenye benchi, mtoto yuko Shively na koti lake, wote wawili wanamsikiliza mwanamke mmoja wa mashine. Kampuni ilikuwa imewashika wote wawili, mmoja kila sikio, na ikatuambia haiwezi kusema.

Hospitalini, Koko hakuwa na kinyongo. "Ule binti ni mupole," alimwambia Spés. "Sikusikia luga yake, lakini hakunikatia. Nilimwomba aniitie Rurangwa, akaniwekea wimbo." Madaktari walimkata vidole viwili vilivyokufa kwa baridi, vya mkono ulioshika simu.

Papa Kirezi alipoambiwa maneno hayo, alikaa chini jikoni, sakafuni, akalia kwa sauti. Katika vita, bila simu hata moja, hakumpoteza mama yake. Alilia nikalia naye, na sombe ikaungua jikoni hakuna aliyejali.

Theluji ilipoyeyuka tulirudi kwenye duka la Dixie Highway. Msinilaumu, tungeenda wapi? Hizi kampuni zote ni watoto wa tumbo moja. Msichana wa kucha alikuwa bado yupo, kucha sasa za kijani. Alimkumbuka Papa Kirezi, akafurahi. Akaeleza kwamba masharti yamebadilika, ni kwa ajili ya usalama wa wateja: siku hizi familia ni watu wanaolala kwenye adresi moja. Kisha akauliza vilevile kama mwanzo, kwa sauti ileile ya asali:

"Familia yako ni watu wangapi?"

Nilisubiri anigeukie. Nilisubiri aombe kiti. Papa Kirezi alitazama vidole vyake akihesabu: yeye, mke wake, Kirezi, wadogo wawili wa Kirezi.

"Watano," akasema.

"Na Koko?" nikamuuliza kwa Kiswahili, kimya kimya.

"Koko iko na adresi ingine," akajibu, na hakunitazama.

Habari yangu sikuuliza. Nilikuwa nyuma yake kwenye foleni, kitambulisho changu mkononi, nikisubiri kuandikwa peke yangu. Ile picha ilikuwa bado ukutani. Mbwa alikuwa bado ndani.