Niliolewa na binamu yangu enzi za Mwingereza. Sisi tulipona, aliyeumia ni shangazi

Wakuu, salaam. Nawaita wakuu kwa kuwa ndiyo desturi ya humu, ila kwa umri wangu wengi wenu ni wajukuu, kwa hiyo shikamoo zenu nazipokea.

Nimesoma ule uzi wa kijana anayetaka kuoa binamu yake. Mmejibu mpaka mmechoka. Huyu analeta DNA, yule Biblia, mwingine anasema watoto watazaliwa na kasoro. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza mama yake na mjomba wake watakuwa nani baada ya harusi.

Sasa mimi niliolewa na mtoto wa shangazi yangu. Nawapa yaliyonikuta, chumvi sijaongeza. Atakayesema ni chai, haya, anywe apite.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Kwetu ni Mbozi, kwa Wanyiha, ila nilizaliwa ng'ambo, Northern Rhodesia, ndiyo Zambia ya leo. Wakati ule wanaume wa kwetu walikuwa wanavukia Tunduma kwenda kwenye migodi ya shaba, na baba alikuwa mmoja wao. Akaoa huko huko mwanamke wa Kibemba, ndiye mama yangu.

Mama alipofariki, kifua cha baba nacho kilikuwa kimeshaanza kuharibika kwa vumbi la mgodi. Akanichukua tukarudi Mbozi. Nilikuwa nimeshakuwa mwali.

Baba alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, dada yake. Babu alichukuliwa kubeba mizigo kwenye vita vya Mjerumani na Mwingereza, hakurudi. Bibi naye akafa. Baba, mvulana tu, akamlea dada yake mwenyewe. Alikuwa anamfunga mgongoni kwa ngozi ya mbuzi anakwenda naye kulima, na wenzake wanamcheka.

Hili msilisahau, nitalirudia.

Shangazi alikuwa ameolewa ng'ambo ya bonde, mume akafariki, akabaki na mtoto wake Stefano. Kutoka kwetu ulikuwa unauona moshi wa jiko lake. Baba akiamka, kabla hajanawa uso, anatoka nje kuangalia kama moshi wa dada yake umetoka. Ukichelewa, hatulii.

Na shangazi kila siku lazima avuke bonde aje kumpikia kaka yake kunde, wakae wacheke mambo yao ya zamani. Mimi sikuwa na mama tena, kwa hiyo yeye ndiye alikuwa mama.

Sasa sikieni kosa langu la ugeni. Kwa wajomba zangu Wabemba, mtoto wa shangazi anaitwa mufyala, na mufyala unamtania, unamwita mume wangu mbele ya watu, mnacheka. Akikuoa kweli nako hakuna neno. Mimi nimekulia hayo.

Siku ya kwanza Stefano anakuja kutusalimia, nikamwambia, "Karibu mume wangu, mbona umekonda?"

Wakuu, hakuna aliyecheka. Kwetu Unyiha huyo ni kaka yako kabisa. Shangazi akanivuta pembeni akanifundisha adabu ya nyumbani. Stefano mwenyewe alibaki ananitazama tu.

Utani ule haukuisha. Tulianza kuurudia kimya kimya, kisimani, njiani, mpaka ukawa si utani. Ilipojulikana nina mimba, dunia ilinigeuka.

Wazee wa ukoo walikaa. Wakasema mtoto wa kaka na dada hana ukoo, atazaliwa bila wa kumpokea. Njia ni moja tu, kukata udugu. Ukoo wetu ulikuwa unafanya hivyo, ya koo nyingine siyajui.

Wanaokata si wanaooana. Wanaokata ni wazazi wao.

Waliletewa kibuyu. Baba akashika upande huu, shangazi upande ule, mzee akakipasua katikati. Kila mmoja akabaki na kipande chake. Tangu pale wao si kaka na dada tena, ni wakwe. Mkwe hali na mkwe wake, hamwiti kwa jina, haingii anakolala.

Mzee akawaambia, "Hiki hakiungwi. Siku mmoja wenu atakapomwita mwenzake ndugu, ndoa ya hawa watoto imekufa, na atakayezaliwa hana kwao."

Akamuuliza shangazi, "Umeelewa unachokata?"

Shangazi alinitazama tumboni. "Nimeelewa," akasema.

Baba alikishika kipande chake mpaka watu wote wakaondoka.

Misheni nao wakatutenga na Meza ya Bwana, lakini hilo lilikuja kuisha. La kibuyu halikuisha.

Nikahamia kwa shangazi, ambaye sasa namwita mama mkwe. Kunde alikuwa bado anapika, ila mimi ndiye niliyevuka bonde kuzipeleka. Nikirudi ananiuliza, "Mkwe amekula?" Namjibu amekula. Anauliza tena, "Anakohoa?" Basi, ndiyo mazungumzo yao hayo, kwa mdomo wangu.

Baba naye asubuhi alikuwa bado anatoka kuangalia moshi. Hilo hakuna mzee aliyeweza kumkataza.

Kifua kikamshinda baba. Alifariki mtoto wetu wa kwanza akiwa bado mgongoni.

Shangazi alikuja msibani na kapu la unga kichwani kama wakwe wanavyokuja. Akakaa nje karibu na uzio, upande wa wakwe. Ndani wanawake wanalia, majirani, watu waliomjua baba juzi tu. Dada yake yuko nje, macho makavu.

Nikamsikia mama mmoja anamwambia mwenzake, "Huyu naye ana roho ngumu, hata chozi."

Nikatoka. Nikamwinamia sikioni nikamwambia, "Shangazi, ingia ukamlilie. Yaliyokatwa na yaungwe, mimi sijali."

Akanyoosha mkono, akaweka vizuri nguo niliyombebea mtoto, akamfunika mguu uliokuwa umetoka.

"Unamwita nani shangazi?" akasema. "Mimi ni mkwe wa hapa. Rudi ndani."

Akamzika kaka yake akiwa mgeni.

Baada ya matanga nilikwenda kuchota maji. Njia inapita kando ya shamba letu la kahawa. Nikasikia sauti huko ndani, chini kabisa kwenye mibuni.

"Kaka. Kaka yangu uliyenibeba. Kaka."

Alikuwa analia kilio cha siku zote zile. Nikasimama. Nikajua nikisogea hatua moja akiniona, nimekuwa shahidi, na mimi na mwanangu tumekwisha.

Nikageuza na mtungi mtupu nikarudi nyumbani. Jioni akaja na mzigo wa kuni, akaniuliza mbona hakuna maji. Nikamwambia kisima kimechafuka. Tukachoma viazi tukala. Hakurudia tena, au kama alirudia, alikwenda mbali zaidi.

Wa DNA niwajibu: watoto wangu wote wazima, wajukuu nao wana akili kuliko mimi. Stefano alikuwa mume mwema, sina la kumsema. Kama suala ni damu, mimi ningesema oaneni.

Ila suala si damu. Najua siku hizi hampasui kibuyu. Lakini mkigombana na huyo binamu yako, mama yako atasimama na nani, na wewe au na kaka yake? Kwa hiyo mimi nasema ndoa ya hivyo isiruhusiwe. Na ukibisha, basi usiende kwanza hospitali kupimwa, nenda kwa mama yako umuulize kama yuko tayari.

Shangazi alikufa zamani, Stefano naye hayupo, wazee wa kibuyu wote wamekwisha. Hakuna wa kuvunja ndoa yangu tena. Kwa hiyo leo ndiyo mara ya kwanza nasema: nilimsikia.

Haya, semeni na ninyi, hata matusi nitasoma. Mliooana mabinamu nina swali moja tu kwenu. Wazazi wenu, wale waliozaliwa tumbo moja, siku hizi wanaitana nani?