Mama Mkubwa Mahakamani

Nilipoambiwa kuna wakili wa bure anayelipwa na serikali, nilicheka hadi nikasimamisha cherehani. Serikali imlipe mtu aishtaki shule ya serikali? Thubutu! Lakini binti yangu alishatimiza miaka saba, na shule ilikuwa imemkataa mara mbili kwa sababu kibali chake cha kuishi nchini hakijatoka. Asubuhi wenzake wa mtaa wetu wa Bellevue wakienda shule, yeye alibaki chini ya meza yangu akichambua vifungo. Roho iliniuma. Nikaenda.

Wakili mwenyewe msichana tu, Mzulu, viatu vimelika soli. Nikamuuliza bila haya, "Hao wanaokulisha, kweli utawashtaki?" Akacheka. "Mama, kila ukinunua uzi unakatwa kodi. Na wewe unanilisha." Nikampenda palepale.

Balaa nililileta mwenyewe. Nilieleza mambo yangu kwa Kiswahili, mkalimani, kaka mmoja Mrundi, akayageuza Kiingereza: huyu ni mtoto wangu. Nikaapa, nikatia sahihi. Wiki mbili baadaye wakili wa shule akaibuka na cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama mwingine. Akaandika kwamba mimi mwongo, na kesi ya mwongo itupwe.

Mwongo, mimi! Huyo mama mwingine ni mdogo wangu wa tumbo moja, tuliyemzika Morogoro. Mtoto wake ni wa nani kama si wangu?

"Basi tuandike hati mpya," wakili wangu akasema kwa Kiingereza nilipomweleza hayo, na mkalimani akanigeuzia lile neno "aunt": niape kwamba mimi ni shangazi. Eish, nikawaka. Shangazi ni dada wa baba, na huyo baba hata sura yake siijui! Mtoto amekaa palepale ananitazama. Nikamruka mkalimani, nikamgeukia wakili kwa Kizulu changu cha kuuzia nguo: "Mimi ni mamkhulu wake!"

Akaacha kuandika. "Mamkhulu? Sasa mbona hukusema?" Kumbe kwao ni vilevile: dada mkubwa wa mama ni mama, na hata neno linafanana na letu, mama mkubwa. Tulikuwa tumepotezana ndani ya Kiingereza bure. Akayaandika maneno yote mawili kwenye hati ya kiapo, akayaeleza, akaambatanisha cheti cha kifo cha mdogo wangu.

Siku ya kesi jaji, mama wa makamo, alisoma, akamtazama wakili wa shule. "Hata kwetu huyu ni mama. Una hoja nyingine?" Alikuwa nayo, ya kibali, akaizungusha mpaka saa ya chai. Jaji akasema karatasi kuchelewa ofisini hakumnyimi mtoto haki ya kusoma. Aandikishwe Jumatatu. Nililia mbele za watu, wala sikujali.

Jumatatu karani wa shule akanisogezea fomu. Nilipofika kwenye mstari wa jina la mama, mkono ukasita. Nisije nikaharibu tena, jamani. Binti yangu, begi mgongoni, akanivuta gauni.

"Andika, Mama, kengele imelia."

Nikaandika jina la mdogo wangu, na langu kando yake. Mstari ulitosha.