Kunde za Bibi Zaponea Sufuriani

Saa moja kasoro robo asubuhi, Chupa amechuchumaa mlangoni mwa stoo, anafunua kitambaa kilicholowa maji. Ndani yake kuna punje kumi za mtama alizozitandaza siku nne zilizopita. Anazihesabu kwa ncha ya kalamu. Zilizochipua ni nane. Anaandika nane kwenye daftari na kutabasamu peke yake.

Mara sauti ya mke wa kaka yake inatoka jikoni, changamfu, ya mtu aliyeamka mapema kuwapendeza wakwe.

"Wifi, zile kunde nimeshaziloweka tangu jana. Chumvi mnaweka wapi?"

Chupa anaitupa kalamu, anakimbilia jikoni na kuitwaa sufuria kabla haijabandikwa motoni.

Chupa ana miaka ishirini na minne. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu hawezi kuipita chupa tupu barabarani bila kuiokota. Stoo yake, ambayo zamani ilikuwa banda la kuku, ina chupa mia moja na arobaini za mbegu za asili, zilizochanganywa na majivu ili wadudu wasizisogelee. Zamani aliuza mbegu za pakiti dukani, kwa mshahara mara tatu ya anachopata sasa kwa kuuza miche.

"Wateja walikuwa wanarudi kila msimu kununua upya," anasema. "Nikawa nawauliza, za kwenu mlizozirithi ziko wapi? Wengi walicheka. Mimi sikulala."

Kikundi chao cha vijana tisa kina sheria moja: kila mbegu igawanywe nyumba tatu, ili ikipotea huku ipatikane kule. Sheria hiyo aliitunga yeye mwenyewe.

Kunde zile, nyekundu zenye madoa meusi, zilikuwa za marehemu bibi yake. Alizitafuta miaka miwili, hadi rafiki wa bibi alipompa konzi moja, punje mia moja na kumi na mbili. Hajazikuta kwingine kokote. Zilipopata unyevu aliziweka kwenye bakuli karibu na jiko zipate joto, asimwambie mtu. Bi harusi, mwenye wiki tatu tu katika nyumba hiyo, alipoziona akajua ni mboga.

"Nilijiuliza, mbona konzi moja na sisi tuko sita?" anakumbuka bi harusi, mkono mdomoni. "Nikasema labda hapa watu wanakula kidogo."

Mbegu ikishakunywa maji hairudi chupani: ipandwe au ioze. Na mvua zilikuwa bado mwezi mzima. Chupa alipiga simu, na kabla ya saa tatu wenzake wote wanane walikuwa wamefika na majembe. Walilima tuta nyuma ya bafu. Mama yake akatoa chandarua kuukuu cha kuzuia kuku. Mmoja wa vijana akamuuliza bi harusi kama miche nayo ataikaanga. Bi harusi akacheka huku machozi yanamtoka, kisha akaomba ndoo. Tangu siku hiyo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumwagilia.

Siku ya tano, kunde zilitoboa udongo. Walihesabu mara mbili: tisini na saba. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa tena.

Sasa maganda yameanza kukauka. Chupa anapanga kwamba msimu ujao, mkulima yeyote atakayezitaka apewe kikombe kimoja bure.

Bi harusi bado huomba radhi kila anapomwagilia, na kila mara Chupa humjibu kwamba yameisha. Jumamosi iliyopita, wakichuma maganda ya kwanza, aliomba tena. Safari hii Chupa hakusema yameisha. Aliweka ungo chini, akiangalia vidole vyake.

"Wifi, kosa halikuwa lako. Sheria niliivunja mimi. Nilizing'ang'ania peke yangu kwa kuwa ni za bibi, nikaona hakuna mwingine wa kuzipenda kama mimi. Nilikuwa naona haya kukwambia. Haya, fungu la kwanza lipeleke kwenu, kwa mama yako. Akatutunzie."