Signature ya Bwana Yangu ku Préavis ya Nyumba

Admin, tafazali ficha jina yangu na avenue yangu, juu hata mama bailleresse, mwenye nyumba yetu, iko anasoma hii page, namujua. Niko mwanamuke wa myaka makumi tatu na sita, mama ya batoto batatu, niko hapa Lubumbashi, ku Katuba. Nauzishaka samaki ya Kasenga ku soko. Bwana yangu alienda kuchimba mawe ku Kambove tangu mwezi wa pili, na sasa tuko mwisho wa mwezi wa munane, hajarudia hata siku moja. Ao nilikuwa nawaza hivyo.

Tunapangaka byumba mbili mu parcelle moja, kiwanja kimoja, na mama bailleresse mwenyewe. Tangu mwezi wa ine hatulipe nyumba. Sitadanganya bantu, deni iko. Bwana hatume kintu, na samaki yangu inatosha tu kwa bukari (ugali) na masomo ya batoto. Mama ule alikuwa ananitukana kila asubui pa robinet ya maji: "Weye mama, juma ya kesho nitatosha bintu byako inje!" Na anafanyaka kweli, mupangaji wa kabla yetu alikuta malago yake, bintu byake byote, mu mvua.

Kiisha chef de quartier, mukubwa wa mutaa wetu, akaita bailleurs na bapangaji, akatuambia ya kama muntu hata kama halipe, habamufukuze mu juma moja. Bailleur anapashwa kumupa préavis, ni kusema karatasi ya kumujulisha, na kumuachia myezi tatu ya kutafuta kwingine. Mi nikapiga vigelegele pale pale. Mama bailleresse akatoka wa kwanza. Toka siku ile akaanza kunisalimia. "Jambo mama, batoto beko muzuri?" Akanitumia na sombe, mboga ya majani ya mihogo, mu sahani! Ayi! Muntu mwenye alikuwa anahesabu maji yangu, leo ananipa sombe? Niliikula, juu batoto balikuwa na njala, lakini nilijua kintu iko inakuya.

Siku ya tatu njo akakuya na karatasi na bic ya kuandikia. "Mama, nakupenda sana, nakupa préavis yako sawa vile chef alisema. Sign tu hapa, chini." Mi siko mutoto wa jana. Nikasoma pole pole, na nikaona tarehe: kumi ya mwezi wa sita! Ni kusema myezi tatu inabakia juma mbili tu. Nikamuuliza: "Mama, hii tarehe inatoka wapi? Unanipa karatasi leo." Akacheka: "Ah, leo ni copie yako tu. Préavis nilishaipana zamani." Nikamwambia: "Muzuri. Kama ni hivyo, tutakula garantie yetu tukiwa ndani, sawa bantu bote banafanyaka. Tulikupa feza ya myezi tatu mbele ya kuingia." Pale njo akaniangalia sawa muntu anaonea mwingine huruma. "Garantie gani, mama? Bwana yako alishaichukua mu mukono, akasign." Akageuza karatasi. Kweli, ku nyuma kuko jina ya papa ya batoto na signature.

Bandugu, tarehe kumi ya mwezi wa sita ilikuwa siku ya Mungu (jumapili), siku ya communion ya mutoto wetu wa kwanza. Nilimulilia mu téléphone akuye, akaniambia: "Sina ya transport, bibi yangu, niko mu shimo, muniombee." Mutoto alimungojea ku mulango ya kanisa mupaka bantu bote baliisha kwenda. Nikamwambia mama bailleresse: "Nani anafanyaka makaratasi siku ya Mungu? Ile ni bongo, unadanganya!" Akajibu bila kupepesa jicho: "Njo siku ile alipata nafasi. Ninyi bote mulikuwa ku kanisa."  Kweli parcelle ilikuwa bila bantu siku ile, alibakia yeye tu.

Nikapigia bwana. Nilimwambia tu: "Mama bailleresse analeta karatasi ya nyumba." Sikusema kintu ingine. Akajibu: "Sign tu, bibi yangu. Usiende ku quartier, mambo ya bureau inaletaka matata." Mi nilimutajia quartier saa ngapi? Nani alimwambia? Nikamuuliza kama alirudiaka Lubumbashi, téléphone ikakatika. Tangu pale haipite tena.

Sikusign, nilienda ku quartier hivyo hivyo. Chef akaniambia: "Mama, lete bwana yako. Akisema mbele yangu ya kama ile signature haiko yake, karatasi inakufa, na myezi tatu inaanza leo." Muone vile iko. Kama mama bailleresse ni muongo, nabakia mu nyumba na batoto bangu. Kama iko anasema kweli, naenda inje mu juma mbili, na papa ya batoto alikuwa hapa hapa, alipita na garantie mu mufuko, mutoto wake iko ku kanisa anamungojea. Alienda kulala kwa nani?

Chini ya kitanda kuko valise (sanduku) yenye bulletins, karatasi ya matokeo ya masomo ya batoto. Papa yao njo alikuwa anazisign, kila trimestre, kabla ya kwenda Kambove. Nilishapiga photo ya karatasi ya mama bailleresse. Ni kuweka signature mbili karibu tu, mambo inaisha. Leo ni siku ya ine nakosa nguvu ya kufungula ile valise. Mama wa mutoto wa communion anaogopa kuangalia bulletin ya mutoto wake! Bamama na bapapa ba hii page, munishauri, nifanye nini? Juu nikiifungula, siwezi tena kusema sikuona.